Ziara Isiyo na Kituo

Wakati wa likizo, Kidoti aliamka mapema hata kuliko siku za shule. Alinawa uso, akafagia chumba cha mbele, akafuta vumbi kwenye ramani kubwa ya mji iliyobandikwa ukutani, kisha akampelekea babu yake chai kwenye kiti chake karibu na dirisha. Chumba hicho cha mbele ndicho kilichokuwa ofisi ya mama yake. Mama alikuwa mtembeza wageni. Watu waliotaka kuuona mji walimpigia simu, naye akawapangia siku, akawaonyesha makumbusho, bustani, masoko na majengo ya zamani. Jina la Kidoti lilitokana na alama ndogo nyeusi iliyokuwa shavuni mwake, na hata walimu wa darasa la sita walikuwa wamezoea kumwita hivyo.

Babu alipokea kikombe kwa mikono miwili, akaonja.

"Leo sukari umeipima kwa kijiko au kwa jicho, bibie?"

"Kwa jicho, Babu."

"Jicho lako lina huruma sana."

Basi hapo kwenye kiti ndipo Babu angekaa mpaka jioni, na hilo ndilo lililomsumbua Kidoti. Babu hakuwa mtu wa kukaa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpeleka barua, ameukanyaga mji mtaa kwa mtaa, na rafiki zake walimwita Mzee Posta. Hata baada ya kustaafu alikuwa akitoka kila siku kusalimia watu. Lakini miezi michache iliyopita alianguka nje ya soko. Watu wakamwinua, wakamleta nyumbani viganja vimechubuka. "Magoti," ndivyo alivyosema. "Magoti yamenisaliti." Akaagiza mkongojo, na tangu siku hiyo hakuvuka geti.

Jioni moja Mama alivuta kigoda akakaa mbele yake.

"Baba, nataka nikupangie siku moja ya kuutembelea mji, wewe na rafiki zako wawili. Taratibu, bila haraka, kama ninavyowafanyia wageni wangu wazee."

"Mimi niwe mgeni katika mji huu?"

"Mgeni wa heshima."

Babu aligeuza kikombe mkononi. "Sawa. Nitatoka mara moja. Lakini nisikilize vizuri, mwanangu. Nikiadhirika huko, usiniambie tena habari ya kutoka. Nitakaa hapa mpaka kiti kichakae au mimi nichakae, yeyote atakayetangulia."

Alisema kama mtu anayetania, ila macho yake hayakucheka. Kidoti alikuwa akikunja nguo pembeni. Alielewa kwamba siku hiyo moja ikiharibika, hakutakuwa na nyingine.

Walipokuwa wakiosha vyombo, Mama akamwambia jambo ambalo hakulitegemea.

"Asubuhi ya siku hiyo nina wageni wengine. Mjomba wako ataendesha kibasi, mimi nitawakuta mchana bustanini. Kupanga ziara nakuachia wewe."

"Mimi, Mama?"

"Wewe. Mji unaujua, na babu yako unampenda. Ila ziara ya wazee haianzii kwenye ramani. Inaanzia kwa wazee wenyewe. Nenda kamuulize kila mmoja kwa mdomo wake, anapenda kuona nini na nini kinamsumbua mwilini. Usimuulize mtu habari za mwenzake. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Kesho yake Kidoti alianza na Babu.

"Babu, ukitembea nini kinakusumbua?"

"Mimi sina neno," alijibu haraka, akitazama nje ya dirisha. "Ni haya magoti tu, nayo si kitu. Wa kumwonea huruma ni Bi Mkunga. Kile kiuno! Akikaa, kusimama ni mpaka kesho."

Bi Mkunga, mmoja wa rafiki hao wawili, aliishi nyumba ya pili kutoka kwao. Nusu ya watoto wa mtaa huo walizaliwa mikononi mwake, Kidoti akiwa mmoja wao, na mpaka leo aliwasemesha kama vile ndiyo kwanza wametoka tumboni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba! Njoo nikuone. Umekonda. Hapo kwenu chakula mnakitazama tu?"

"Bibi, nimekuja kuuliza kama kuna kitu kinakusumbua mwilini."

Bi Mkunga alikaa kimya akitabasamu. Kidoti akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Aa, mwilini! Mimi mzima kama chuma cha reli. Ila huyo Fundi Saa, maskini, kifua kinambana hata akiruka kizingiti. Na babu yako usimtembeze kwa miguu kabisa. Goti likishakwisha limekwisha."

Fundi Saa, yule rafiki wa pili, alikuwa kwenye kibanda chake, ameiinua saa ya mkononi mpaka imegusa pua.

"Kifua? Nani amesema? Mkunga? Yule hajui kama amestaafu, bado anatafuta wagonjwa. Mimi niko sawa, macho kama ya mwewe. Mwenye shida ya kusimama ni yeye. Halafu, mjukuu wangu," akainama kidogo, "Mzee Posta yule ni wa kusukumwa. Mtafutie kiti cha magurudumu. Ila usiseme nimesema mimi."

Kidoti alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Kwa maneno yao wenyewe, wazee wote watatu walikuwa wazima. Kwa maneno ya wenzao, wote walikuwa wa kulazwa. Amwamini nani? Alijua alipaswa kurudi na kuuliza tena, mmoja mmoja, taratibu. Lakini kumbana mtu mzima kwa maswali ya mwili wake kulimtia haya, tena vidole vilikuwa vinamwasha kuanza kuchora njia. Akaamua kufuata yale ambayo kila mmoja alisema juu ya mwenzake. Watu hawawezi wote kusema uongo, alijiambia.

"Umewauliza?" Mama alimuuliza jioni.

"Ndiyo."

"Wamekujibu wenyewe, kila mtu habari zake?"

"Ndiyo, Mama."

Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria. Alitaka kulirudisha, lakini Mama alikuwa ameshainama juu ya mchoro na kusema, "Hongera, mwanangu," na baada ya hongera ile ikawa vigumu.

Mchoro wenyewe ulipendeza. Kwanza makumbusho, kwa sababu yalikuwa na lifti. Palipo na ngazi, aliandika kiti cha magurudumu kwa Babu. Palipo na kusimama, aliweka benchi kwa Bi Mkunga. Halafu likafuata jambo alilojivunia kuliko yote: kibasi kingewazungusha mji mzima, kupitia barabara ya mlimani, bila mtu kushuka hata mara moja, mpaka bustanini kwa chakula cha mchana.

Siku ilipofika, Babu alivaa shati la bluu lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Kidoti akamletea chai.

"Leo sinywi," Babu akasema.

"Hata kidogo?"

"Hata tone."

Kidoti alishangaa. Babu aliweza kukosa chakula, lakini chai hakuwahi kuikataa tangu yeye apate akili. Akamfungia chupa ya maji ya njiani. Babu aliipokea, akaiweka chini ya kiti cha kibasi, wala hakuigusa tena.

Mlangoni mwa makumbusho, mhudumu alikuwa amesimamisha kiti cha magurudumu, na juu yake amebandika karatasi yenye maandishi makubwa: MZEE POSTA. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya tiketi waligeuka kutazama.

"Hiki kinamsubiri nani?" Babu aliuliza polepole.

"Ni cha yule mzee asiyeweza kutembea," mhudumu akajibu kwa furaha.

Midomo ya Babu ilibana. Kidoti alitaka ardhi immeze. Mara Fundi Saa akapita mbele, akakaa kwenye kiti kwa kishindo.

"Ni changu hiki! Mimi ndiye niliyekiagiza. Leo nasukumwa kama bosi. Mhudumu, twende, na usinitikise."

Bi Mkunga alicheka mpaka akashika kiuno, foleni nayo ikacheka, na Babu akaingia ndani kwa miguu yake, mkongojo ukigonga sakafu. Kidoti alimfuata akiwa ameduwaa. Yule wa kusukumwa alikuwa anatembea upesi kuliko wote.

Ndani mambo yalizidi kumchanganya. Mwelezaji wa makumbusho alikuwa kijana mpole mwenye sauti ndogo. Alipouliza, "Je, wazee wangu, mngependa kupumzika au tuendelee?" Bi Mkunga alijibu kwa moyo wote, "Kweli kabisa!" Alipokuwa akieleza habari ya ajali ya zamani iliyoua watu, Bi Mkunga alitabasamu na kutikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za harusi. Mabenchi yote aliyowekewa hakuyatazama hata moja. Naye Fundi Saa, kutoka kwenye kiti chake cha kifahari, alisifia picha kubwa ya mlima.

"Kondoo wazuri hawa. Wamenona."

Kidoti aliitazama picha ile kwa makini. Hapakuwa na kondoo. Kulikuwa na mawingu.

Babu hakusifia kitu. Alikuwa akitazama milango. Kila walipoingia chumba kipya, macho yake yalizunguka ukutani, yakapita juu ya picha na vyungu, yakatua kwenye mlango mmoja, kisha mwingine. Kidoti aliwaza, labda amechoka anatafuta njia ya kutokea. Akamhimiza mwelezaji afupishe maelezo, wakatoka mapema kurudi kwenye kibasi.

Mjomba aliwasha gari. "Haya, wakubwa, kaeni mkao wa starehe."

"Tutasimama wapi?" Babu akauliza.

"Hatusimami kabisa, Babu!" Kidoti akageuka akiwa amechangamka. "Nimepanga msishuke hata mara moja. Mtauona mji wote mmekaa."

"Mji wote?"

"Mpaka mlimani na kurudi."

Babu alisema, "Ahaa." Kibasi kilipita mbele ya maktaba, kikazunguka uwanja wa mpira, kikaanza kupanda barabara ya mlimani. Huko juu mji mzima ulionekana chini, mabati yaking'aa. Bi Mkunga alipiga makofi. Fundi Saa alisifia upande usio na kitu. Babu alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, na jasho lilimtoka kwenye paji la uso ingawa madirisha yalikuwa wazi.

"Babu, unaumwa?"

"Siumwi."

"Magoti?"

"Ee, magoti. Yaache."

"Kunywa maji basi."

"Nimesema yaache, mtoto wewe!"

Babu hakuwahi kumkaripia hivyo. Kidoti alirudi kukaa vizuri, macho yakimwasha. Alipitia mchoro wake wote akitafuta kosa. Lifti ilikuwepo, viti vilikuwepo, hakuna aliyetembea, hakuna aliyesimama. Sasa nini?

Waliposhuka tena katikati ya mji wakanaswa na foleni ya magari karibu na jengo la Posta Kuu. Magari hayakusogea. Mjomba alizima injini, akalaza kichwa kwenye usukani. Hapo hapo mlango wa pembeni ukavutwa kwa nguvu, na kabla mtu hajasema neno, Babu alikuwa ameshatoka. Shati la bluu lilipenya kati ya magari mawili, likapotea kwenye umati. Mkongojo wake ulibaki sakafuni mwa kibasi.

"Mzee!" Mjomba alipiga kelele. "Baba! Anakwenda wapi?"

"Amekasirika," Kidoti alisema. "Nimemuudhi. Hatatoka tena, Mjomba. Alisema akiadhirika hatatoka tena."

"Mimi siwezi kuliacha gari hapa katikati. Nenda na Bi Mkunga, haraka. Fundi, wewe tazama dirishani."

"Namwona!" Fundi Saa akasema mara moja, akinyoosha kidole. "Yule pale, amesimama kando ya barabara."

Kidoti alitazama kilipoelekea kidole. Lilikuwa sanduku la barua.

Hakuwa na muda wa kushangaa. Alimshika mkono Bi Mkunga, wakavuka. Walitazama mabenchi yote ya kivulini, maana mtu mwenye magoti mabovu angekwenda wapi kama si kwenye benchi? Hawakumkuta. Walitazama dukani penye viti. Hawakumkuta. Mwishowe wakaingia ndani ya Posta Kuu, na Kidoti akamuuliza karani wa dirisha la kwanza.

"Mzee mwenye shati la bluu?" Karani aliinua nyusi. "Kapita hapa sasa hivi. Kapanda ngazi mbio."

"Mbio?"

"Mbio. Ngazi mbili mbili. Nilidhani anakimbizwa."

Kidoti alimwomba Bi Mkunga akae kwenye kiti cha wateja, naye akapanda. Ghorofa ya juu ilikuwa kimya, yenye ukumbi mrefu na milango ya ofisi iliyofungwa. Mwisho wa ukumbi mlango mmoja mwembamba ulifunguka, Babu akatoka, anapangusa mikono kwa leso. Alipomwona Kidoti alisimama.

Walitazamana. Juu ya mlango ule paliandikwa CHOO.

"Nimewahi," Babu akasema.

Kidoti hakujua acheke au alie. Babu alisogea mpaka kwenye ngazi, akakaa kwenye kipandio cha juu, akapigapiga mahali pa kando yake. Kidoti akakaa.

"Sina ugonjwa wa magoti," Babu alianza, akiwa anatazama chini. "Ila mkojo. Umekuwa ukinijia mara kwa mara, na ukija hausubiri. Siku ile ya sokoni nilikuwa nakimbilia choo, nikajikwaa, nikaanguka. Sikuwahi. Kuna watu waliona. Mmoja akacheka." Alikunja leso, akaikunjua. "Nyumbani nikasema magoti. Magoti ni ugonjwa wa heshima, mjukuu wangu. Ukisema magoti watu wanakupisha njia. Huu mwingine mtu anausemaje?"

"Ndiyo maana hukunywa chai."

"Wala maji tangu jana jioni."

"Na kule makumbusho ulikuwa unatazama milango."

"Nilikuwa natafuta. Nikaona haya kuuliza, kwa kuwa ulikuwa umejitahidi sana. Halafu ukaniambia kibasi hakisimami mpaka mlimani na kurudi." Babu alitikisa kichwa. "Nilikaribia kuaga dunia."

Kidoti alicheka bila kutaka, Babu naye akacheka, lakini kicheko cha Kidoti kiliishia kwenye machozi.

"Babu, kosa ni langu. Mama aliniambia nimuulize kila mtu habari zake mwenyewe. Mimi nikachukua mliyosema juu ya wenzenu. Halafu Mama aliponiuliza nikamdanganya. Nikasema ndiyo."

"Hata kama ungeniuliza tena, ningekudanganya vilevile," Babu akasema. "Hapo tuko sawa wewe na mimi."

Kisha Kidoti akapangusa pua, akageuka, akamtazama usoni. Safari hii hakuharakisha.

"Basi nakuuliza sasa. Unataka kuona nini leo, na unahitaji nini?"

Babu alichukua muda kujibu. "Nataka kupita njia zangu za zamani, za barua. Si zote, vichochoro vichache tu vya karibu hapa. Kwa miguu. Na ninahitaji choo kisiwe mbali. Huku mjini ninajua vilipo, ila nataka nanyi mjue ninavihitaji, ili nisitoroke tena kama mwizi." Alisimama, akavuta pumzi. "Sasa twende chini, kabla sijabadili mawazo."

Chini, Mjomba alikuwa amepata mahali pa kuegesha gari, akaja na chupa ya maji ya Babu, na Fundi Saa amekaa kando ya Bi Mkunga. Wote walianza kusema kwa pamoja. Babu aliinua mkono.

"Nilikwenda chooni," akasema. "Nina tatizo la mkojo. Si magoti, na wala hayajawahi kuwa magoti."

Bi Mkunga aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Umesema nini?"

Maskini Babu, ilimbidi arudie, safari hii kwa sauti iliyofika mpaka dirisha la karani.

"Mkojo!" Bi Mkunga alisimama upesi kama msichana, kiuno hakikuwa na kasoro yoyote. "Mzee Posta! Mimi nimefanya kazi hospitali mpaka mvi zimenitoka, nimeona kila kitu kinachotoka kwa binadamu, na wewe unanificha mkojo? Wanaume wangapi wa umri wako wana shida hiyo? Mara nyingi ni tezi dume, mara nyingine ni sukari, mara nyingine ni kitu kidogo tu. Daktari anapima, anatoa dawa. Na hayo maji umekunywa?"

"Hapana."

"Hapana! Katika jua hili! Unataka figo zikufie? Kidoti, mpe maji. Kunywa, nakutazama."

Babu alikunywa kama mtoto aliyeshikwa. Kidoti alimgeukia Bi Mkunga, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya kutosha, "Bibi, na wewe? Unamsikia vizuri mwelezaji?"

Bi Mkunga alifungua mdomo ili ajibu kwamba yeye ni mzima kama chuma, kisha akaufunga. "Sikio hili la kulia limekufa," akasema. "Hili jingine linasikia kidogo. Kule ndani sikupata hata neno. Nilikuwa nacheka wenzangu wakicheka."

"Ulicheka pia kwenye ajali," Mjomba akasema.

"Ajali? Palikuwa na ajali?"

Wote wakamgeukia Fundi Saa. Alikohoa, akarekebisha kola.

"Mnanitazama nini? Mimi kifua changu kizima."

"Babu Fundi," Kidoti akasema kwa upole, "wale kondoo kwenye picha yalikuwa mawingu."

"Mawingu?"

"Na yule uliyesema ni Mzee Posta lilikuwa sanduku la barua."

Fundi Saa alijitahidi kukaza uso, akashindwa. "Rangi inafanana," akasema, na Babu akaangua kicheko ambacho Kidoti hakuwa amekisikia tangu siku ya kuanguka. Hata karani aliweka muhuri chini. Kicheko kilipotulia, Fundi Saa alikiri kwa sauti ndogo kwamba macho yalikuwa yamejaa ukungu, na kwamba siku hizi saa alizitengeneza kwa kupapasa. Hakutaka watu wajue, wangepeleka saa zao kwingine.

Hapo kwenye viti vya wateja wakapanga ziara upya, na haikuchukua muda, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimjibia mwenzake. Mjomba alitangulia na kibasi bustanini. Babu aliongoza njia, akipita vichochoro vya kivulini nyuma ya Posta. Kila baada ya mwendo mfupi alisimama mlangoni mwa nyumba fulani akaeleza nani aliishi humo, nani alipata barua ya posa, nani alimfungulia mbwa. Bi Mkunga alitembea upande ambao sikio lake la kushoto lilimwelekea msimuliaji. Kidoti alimshika mkono Fundi Saa, akimwambia kila kitu kilivyo, rangi ya milango na nguo zilizoanikwa juu, naye akauliza maswali mengi mpaka Kidoti akaanza kuona vitu ambavyo peke yake asingeviona. Walipofika kwenye mgahawa mdogo wa kona, Babu alisema, "Nisubirini hapa," akaingia msalani bila haraka, akatoka. Hakuna aliyecheka. Fundi Saa alisema tu, "Ngoja na mimi," akapapasa ukuta, akamfuata.

Mama aliwakuta bustanini wamekaa chini ya paa la mgahawa, Babu akiwa na kikombe cha pili cha chai. Kabla hajakaa, Kidoti alimvuta kando akamweleza yote: maswali, jibu la uongo, kiti chenye karatasi, mlima na kutoroka.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, ila uso wake haukuwa na mchezo.

"Uliponiambia ndiyo," akasema, "nilikuamini, nikaacha kuangalia zaidi. Babu yako angeweza kugongwa na gari kwenye ile foleni. Uongo mdogo unaona umeuacha nyumbani, kumbe umepanda nao kibasi."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Na umerekebisha mwenyewe, hilo nimeliona. Lakini shika jambo hili. Ukitaka kumsaidia mtu, usimwamulie. Muulize yeye, kisha umpe muda wa kujibu, maana ukweli wa mwili hutoka polepole. Na ukiwa wewe ndiye mwenye shida, sema. Anayekupenda hawezi kukusaidia kitu usichomwambia." Akawageukia wazee waliojifanya hawasikii. "Nanyi pia mmesikia, wakubwa zangu. Daktari hatabiri. Mtu akificha ugonjwa kwa kuona haya, ugonjwa hauoni haya kukua."

"Mimi sikusikia," Bi Mkunga akasema, "lakini nakubaliana nawe."

Jumatatu asubuhi Bi Mkunga alikuwa tayari getini na mkoba wake, amekwisha kuwaombea nafasi wote watatu kwenye zahanati: mmoja kwa daktari, mmoja kwa macho, naye mwenyewe kwa masikio. Babu alitoka amevaa viatu vyake vya kazi. Maneno "Utaweza kweli?" yalifika kwenye ulimi wa Kidoti, akayameza.

"Babu, ungependa nikusindikize?"

"Mpaka kwenye kona, ndiyo. Kutoka hapo naweza mwenyewe," Babu akajibu baada ya kufikiri. "Kurudi bado sijui. Nikichoka nitasema."

Akafungua geti, akaweka mguu mmoja nje. Kisha akasimama, akaurudisha.

"Nisubirini," akatangaza kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili. "Naanzia msalani!"